Katazo Lililofia Kinshasa

Mama mudogo, mdogo wake mama yangu, ndiye aliyenilea katika mji wa Baraka, kando ya ziwa, na alinilea kwa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Alizinunua asubuhi mitumbwi ikirudi, akazianika mchangani, zikikauka akazipeleka soko ya Kilembwe. Alifanya hivyo tangu mumewe afariki, mpaka idara ya uvuvi ilipotoa katazo: ni marufuku kuanika samaki chini, zianikwe juu ya meza za wavu. Meza zenyewe hatukuwa nazo, wala idara haikuleta hata moja. Ilileta ajenti mwenye buti, aliyekuwa akikusanya ndagala zetu na kuzipakia kwenye pikipiki.

Kisha siku moja redio ikatangaza kwamba bunge la Kinshasa limelikataa katazo lile, kwani idara haikuwa na mamlaka ya kuliweka. Tena kuna sheria mpya ya uvuvi, rais ameshaitia sahihi: samaki ya mtu isikamatwe kabla serikali haijajenga meza. Bamama wa ufukweni walipiga vigelegele. Mama mudogo alivaa kitenge chake cha misa, akaanika ndagala mbele ya watu wote.

Ajenti akaja vilevile.

"Chef," mama mudogo akamwambia, "ile katazo ilikufa. Haukusikia redio?"

"Redio iko chef yangu? Mi sijapata ordre, amri ya wakubwa."

Akapita juu ya ndagala polepole, kama mtu anayetafuta mahali pa kusimama. Nilisikia zikivunjika chini ya buti. Zilizobaki akazipakia.

Tulimfuata hadi bureau, ofisi ya idara. Kabla hatujafika mlangoni, harufu ilitupokea. Nyuma ya nyumba kulikuwa na magunia ya ndagala zilizokamatwa, yamerundikwa, yanavuja maji meusi, na funza walikuwa wakitembea juu yake. Nilitapika pale pale ukutani. Ndani, mkubwa wa idara alikuwa amefunga dirisha na kujipulizia marashi mengi, na marashi yale yalinishinda kuliko uvundo wenyewe.

"Mama, ni kweli bunge ilikataa," alisema bila haya. "Lakini huku kwetu ordre haijafika. Tunangoja."

"Ile ya kukamata ilifika mbio," mama mudogo akajibu. Halafu akauliza, sauti imeshuka: "Hata hamukukula?"

"Kukula nini?"

"Samaki zetu. Mungekula, ningesema ni njaa, munalisha batoto. Lakini muliachia funza."

Mkubwa akatazama simu yake. Tukatoka.

Baadaye mbunge mmoja alikuja kutueleza ushindi wake. Alisimama juu ya jukwaa la mbao, suti inang'aa kwa jua, akasema yeye na wenzake wametupigania. Watu walipiga makofi. Mama mudogo akanyoosha mkono.

"Honorable, kuja uone sheria yako."

Hakuweza kukataa mbele ya watu. Alitufuata mpaka kwenye kona ya bureau, akaona magunia, akatoa leso akaziba pua. Hakuuliza ni ya nani. Alisema ana safari ndefu, akarudi kwenye jeep, vioo vikapandishwa. Sijui yupi alinichukiza zaidi, aliyekanyaga au aliyeziba pua.

Hata hivyo, kesho yake ajenti yule na wenzake walichimba shimo wakayafukia magunia, na hawakurudi tena ufukweni. Hakuna aliyeomba msamaha. Meza za wavu hatujaziona mpaka leo, na bamama wanaendelea kuanika mchangani.

Jioni ile walipofukia, mama mudogo alipika ndagala kwa mawese. Akanisogezea sahani.

"Kula. Hizi ni za leo."

Niliyatazama macho yao madogo, nikasikia tena buti. Nikachota bugali, nikaichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hakunilazimisha. Alikula zote mwenyewe, moja moja, akitafuna hata vichwa.