Nyasi Zilizotaka Kuachwa

Majirani walimbandika jina la Hatulii, na kwa kweli halikumwonea. Mtu gani anakunywa chai amesimama? Kazi yake ilikuwa kutunza nyasi za mbele ya nyumba ya wageni, zile laini za nchi za baridi. Hewa ikipoa, zinakuwa kijani hadi wapita njia wanasimama. Joto likikaza, zinageuka rangi kama ufagio mkuukuu na kulala. Hazijafa. Unaziacha ndefu, unazinywesha alfajiri mara mojamoja maji yazame, mbolea huigusi, halafu unasubiri.

Kusubiri sasa! Hapo ndipo palipomshinda.

Msimu ule meneja alitazama ule unjano akakunja uso. "Mzee, baridi ikirudi hizi zisipoota, namwaga zege, magari yaegeshwe." Zege likimwagwa, yeye atatunza nini? Usingizi ukampaa.

"Si ulisema mwenyewe zimelala?" mkewe akamuuliza.

"Zimelala, ndiyo. Je, zikilala moja kwa moja?"

"Kaa chini, baba watoto. Umekalia siafu?"

Hakukaa. Kila jioni alivuta mpira wa maji, akamwagilia mpaka pale mpira ulipoishia, huku akijua fika kwamba majani yakilala na unyevu yanaota ukungu. Alijiambia leo tu. Kesho yake, leo tu tena. Mwisho akamwaga na mbolea, tena bila kupima. Jamani, mtu mzima! Katikati pakatokea mabaka ya kahawia yenye utelezi. Akivuta shina, linatoka lote, mizizi imeoza. Alichuchumaa pale akalia.

Baridi ikarudi. Kando ya uzio, mpira usikofika, nyasi zikaamka kijani kibichi. Katikati, udongo mtupu.

Meneja akaja na fundi wa zege. "Kule kwenye uzio umepatunza, mzee, hongera. Huku kati ndiko ulikozembea."

Angeweza kunyamaza. "Bosi, ni kinyume chake. Kule sikugusa. Huku ndiko nilikoshinda na mpira na mbolea."

Meneja akamkodolea macho, kisha akacheka hadi akashika kiuno. Akamruhusu fundi aende zake. "Basi panda upya hapa kati. Nyasi zinabaki, na kazi unayo. Ila joto likianza, mpira na mbolea nafungia mimi. Wewe likizo, nyumbani, mpaka lipoe."

Alishukuru, akaenda kumweleza mkewe.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akaweka sufuria chini. "Nyumbani? Na mimi? Msimu mzima?" Akashika kichwa. "Kwani huyo meneja mimi nimemkosea nini?"