Jina Alilolitaja Bibiana

Bibiana alikuja kwenye zahanati yetu ya Mpanda mwaka 1956, mimba yake ya nne ikiwa na miezi sita. Watoto watatu wa kwanza walizaliwa wafu. Alikuwa Mkonongo wa Inyonga, na mumewe Gaspar alichimba madini ya risasi mgodini.

"Nataka huyu apumue, Bwana Mganga," aliniambia. "Nimsikie akilia, hata mara moja."

Nilimtoa damu, chupa ikapanda gari-moshi kwenda Tabora. Siku tisa baadaye jibu likarudi: kaswende. Mwezi ule nilipima wajawazito kumi na wanane. Wanne walikuwa nayo, wote wa kambi ya wachimbaji. Hakuna mume hata mmoja aliyekuwa amepimwa damu.

Nikamwita Gaspar. Akaja na karatasi ya mgodi ya kupimwa afya.

"Soma, mtoto wa shule. Wameandika nini?"

"Safi."

"Basi uchafu ni wa nani?"

Nikamweleza kwamba walimtazama meno, macho na kifua tu. Kwamba kidonda cha kaswende hupona chenyewe na ugonjwa ukabaki ndani. Nikamwomba damu.

Akacheka. "Mimi mwenyewe Tabora sijafika, itafika damu yangu?"

Na wanaoandika karatasi zile huitwa wataalamu! Wanapima mikono itakayobeba mawe. Damu itakayomfikia mtoto haiwahusu.

Bibiana alitakiwa kupata sindano kumi za penisilini, moja kila siku. Alipata nne. Siku ya tano Gaspar alimpandisha lori lililoshusha nta stesheni, akampeleka Inyonga kwa mama mkwe wake, Romana, "akaseme ukweli."

Niliomba ruhusa ya kumfuata. Ilipotoka, miezi miwili baadaye, Bibiana alikuwa amekwisha kujifungua. Nilimkuta uani, matiti ameyafunga kwa kitambaa ili maziwa yakauke.

"Uchungu ulikaa siku mbili," alisema. "Mama mkwe akasema mtoto amezuiwa na dhambi yangu, nimtaje mwanaume ndipo wanisaidie. Nikasema hayupo. Wakakaa wananitazama tu."

"Ukafanyaje?"

"Mtoto alikuwa bado anacheza tumboni. Nikataja jina lako. Mwanaume mwingine aliyewahi kunishika mkono ni wewe, ukinitoa damu. Nisamehe, kaka yangu. Nilitaka wanisaidie."

"Wakakusaidia?"

"Wakanisaidia. Akatoka kimya."

Nilianza upya sindano zake zote kumi, kila siku mchana, palepale uani. Romana alisimama mlangoni akinitazama.

"Mnamwona?" aliwaambia majirani. "Hata haya hana."

Nilikuwa nimebeba chupa ishirini za kuchukulia damu ya wajawazito wa Inyonga. Siku kumi nzima hakuna aliyekuja. Nilizirudisha Mpanda zote tupu.