Jiko Lenye Kidirisha

Siku niliyopelekwa kisiwani Nosy Be kuolewa haijanitoka kichwani, mwanangu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Baba yangu, fundi wa mabati kule mjini Mahajanga, alikuwa amenifundisha kukata na kukunja bati, ingawa watu walisema si kazi ya msichana. Wenzangu walikwenda kwa waume zao na masufuria. Mimi nilikwenda na jiko la mkaa nililolibuni mwenyewe.

Ndani lilikuwa na kikapu cha bati cha kutosha mkaa wa kupikia chungu kimoja, na ubavuni kidirisha. Ukichungulia, unaona moto uliobaki. Chungu kikichemka, unakifunga kidirisha, hewa inapungua, makaa yanatulia.

Mama mkwe alilizunguka, akaniuliza kwa Kingazija, lugha ya nyumbani kwao, "Bibi harusi, jiko hili linanichunga?"

"Hapana, mama. Linakuonyesha tu."

"Mimi nimepika kabla hujazaliwa." Akalisukuma pembeni, akaendelea kujaza mkaa pomoni kwenye lake. Nikalichukua langu, nikawa napikia upande wangu wa ua.

Ramadhani ikaja na upepo mkali, mashua za mkaa zikashindwa kuvuka kutoka ng'ambo. Futari ilipokaribia, mama mkwe akakuta gunia lake limebaki vumbi. Mimi bado nilikuwa na akiba ya mkaa, maana jiko langu lilikula kidogo. Akaja kwangu na chungu cha uji mikononi. Nikamwekea kigoda mbele ya jiko langu.

Uji ulipochemka, aliinama akakifunga kidirisha mwenyewe, taratibu. Kisha akacheka hadi machozi yakamtoka. "Kumbe miaka yote nachoma bure!"

Akawaita majirani waje kupika kwa zamu kwenye jiko la "binti yangu." Hakuwa ameniita hivyo hata mara moja. Nilifuturu nikiwa nimeshiba kabla ya kula.

Tangu hapo nimeunda majiko mengi kama hilo. Yalifika hadi kijiji cha Ambatoloaka na kisiwa cha Nosy Komba. Mpaka leo nikikuta kidirisha kwenye jiko la mtu nisiyemjua, kifua kinanijaa fahari.

Basi mwanangu, wewe unayejifunza kuunda vyombo vya nyumbani, usimgombeze mtu kwa moto au umeme anaoupoteza. Mtengenezee chombo kitakachomwonyesha, umwache aamue mwenyewe. Na ukikiunda vizuri, usione haya kusema ni kazi yako. Mungu aibariki mikono yako, na jikoni kwako kusikose moto wala watu wa kula nao.