Siku Niliyochorwa Sakafuni

Walipouliza nani atajitolea kulala chini, mimi nilikuwa nimeshalala. Watu wa chuo kikuu walikuwa wamekuja shuleni kwetu, hapa Kitale, kutafiti afya ya akili ya vijana. Mimi nilichosikia ni kwamba hakuna hesabu mpaka mapumziko. Walitandaza karatasi ndefu kama mkeka, wakamwomba mwalimu atoke, naye akatoka akigeukageuka kama mtu aliyefukuzwa harusini. Kisha dada mmoja wa chuo, mpole wa sauti, akapiga magoti na kuanza kunizungushia kalamu nene.

Ilikuwa tamu, sikutarajia. Kalamu ilinitekenya kwapani, ikapanda shingoni, ikazunguka sikio polepole. Upepo uliingia na harufu ya mahindi makavu, mabati yakalia juu, nami nikawa kama ninayepimwa nguo ya kuvaa katika ndoto. Nafikiri nilisinzia. Nilipoambiwa niinuke, niliona nimejiacha pale chini, mnene kuliko nilivyo. Nikasema huyo si mimi, ni mwalimu mkuu. Darasa zima likacheka, isipokuwa binamu yangu.

Binamu alikuja kwetu Tuwan, mtaa wa hapa Kitale, kutoka Bungoma baada ya kumzika kukhu, nyanya yetu, aliyemzaa mama. Yeye ndiye aliyeishi na kukhu, akimshika mkono kila mahali, maana kukhu alikuwa haoni tena. Tangu aje, maneno yake yalikuwa ndio, hapana na nimeshiba. Tunalala kitanda kimoja, na nilikuwa nimemjaribu kwa vichekesho vyote, hata vile vya mchungaji wetu na viatu vyake. Wapi. Mchekeshaji akilala kando ya mtu asiyecheka, bana, anaanza kujishuku. Na mama alikuwa ameshaamua kwamba Kitale imemkataa mtoto, kwa hiyo Jumapili mjomba angekuja kumrudisha Bungoma. Mimi sikutaka aende. Nilikuwa nimezoea kupumua kwake, kama redio iliyoachwa chini kabisa.

Yule dada akatugawia rangi, akasema kila mmoja apake kwenye mchoro ule mahali huzuni inapokaa mwilini mwake. Akatuahidisha pia kwamba ya humu yatabaki humu. Mmoja alipaka koo, mwingine tumbo. Mimi nilipaka makalio, nikaeleza kuwa ni kwa sababu ya viti vya shule. Binamu alichukua rangi ya samawati akapaka mikono yote miwili, kidole baada ya kidole, kama anayeiosha. Akaulizwa kwa nini.

"Haina kazi," alisema. "Nikiamka, haijui imshike nani."

Nilisogea nikayakalia yale makalio niliyoyapaka, yasionekane.

Ulikuwa wakati wa mavuno, na nyumbani mahindi yalikuwa yamejaa sebuleni mpaka chini ya televisheni. Kila jioni tulikuwa tunayapukuchua, punje zikinyesha ndani ya karai, mpaka nyumba nzima inalewa ile sauti na hakuna anayekumbuka alitaka kusema nini. Lakini binamu hakuruhusiwa kugusa hata gunzi. Mama alisema mtoto aliyefiwa hatumwi. Akinyoosha mkono tu, anaambiwa keti, mwanangu, pumzika. Kwa huruma hiyo tulikuwa tunammaliza. Mimi peke yangu nyumbani ndiye niliyelijua hilo, na nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Mimi, ambaye siri haijawahi kupoa mdomoni mwangu.

Basi jioni hiyo nikafunga vidole kwa leso, nikatangaza kwamba mlango wa chumbani umenibana. Nikajilaza juu ya magunia, nikalia kidogo, kwa ustadi. Mama akalalamika kwamba kazi haitaisha, ati nilizaliwa kumchosha. Nikamjibu kwa sauti ya mgonjwa kuwa humu ndani si kuna mikono mingine. Alinitazama vibaya sana. Alipogeuka, binamu alikuwa ameshachukua hindi.

Alilipukuchua macho yamefumbwa. Vidole vilipita mstari kwa mstari, vyepesi, gunzi likabaki safi, akachukua lingine. Mama akasimamisha mikono yake. Nilidhani atamkataza. Lakini aliendelea tu kuitazama ile mikono, jinsi dole gumba lilivyokuwa likipapasa kwanza ndipo lisukume, na nikajua anamwona mama yake. Akalisogeza karai kwa mguu mpaka mbele ya mtoto. Jioni ilikuwa imetulia. Punje zilinyesha, zikanyesha.

"Mlango gani ulikubana?" binamu akaniuliza, macho bado yamefumbwa. "Chumbani si tuna pazia tu."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na yale machozi hayakuwa ya kicheko peke yake. Mimi nilitupiwa gunzi la mgongo. Mjomba alipopiga simu kuuliza Jumapili aje saa ngapi, mama alimwambia asijisumbue, mtoto ameanza kutusuta, ameshazoea.