Zakaria Makori Niliyemzika kwa Kalamu

Sikuambiwa na mtu, sikuota, na siku hiyo tumboni nilikuwa na chai ya maziwa na mahindi ya kuchemsha, basi. Niliyaona mwenyewe, saa nane na nusu mchana, nikiwa kazini. Kama wewe ni wa kucheka kabla mtu hajamaliza kusema, tafadhali ondoka sasa. Mimi nina hasira za karibu, na jambo hili bado linaniuma.

Kazi yangu ni kutunza madaftari ya kanisa katika parokia moja upande wa Kenyenya. Ubatizo, ndoa, mazishi, yote yamo kwenye kabati zangu. Watu huja kila wiki kutafuta jina la babu: huyu ana kesi ya shamba, yule anataka pasipoti. Na majina yetu unayajua. Kumtafuta Makori huku ni kama kutafuta ndizi sokoni Ogembo. Utapata, lakini ni ya nani? Kwa hiyo hatukubali jina peke yake. Tunatazama jina la baba, kisha tunalinganisha na daftari la ubatizo. Mimi hujisifu kwamba sijawahi kukosea, yaani, nilikuwa najisifu.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alijifungua mtoto wa kiume. Kwetu Abagusii jina la mtoto hutoka kwa waliokwisha kufa. La mtu aliye hai huligusi. Mama alitaka mtoto aitwe Zakaria Makori, jina la kaka yake aliyeondoka nyumbani akiwa kijana na hakutuma salamu hata siku moja. Mimi sikuwahi kumwona mjomba huyo. Mama naye hakuwa na hakika kama yu hai.

"Wewe ndiye una vitabu," akaniambia. "Nitafutie kaka yangu. Kama ameshalala, tumrudishe nyumbani kwa mtoto huyu."

Nilitafuta Ijumaa alasiri. Katika daftari la mazishi nikamkuta: Zakaria Makori, kijiji kile kile cha kina Mama. Nafasi ya jina la baba ilikuwa tupu. Nilipaswa kushusha daftari la ubatizo nilinganishe, lakini hilo liko rafu ya juu, na kanisani kwaya ilikuwa imeshaanza mazoezi, nami ndiye ninayeongoza sauti ya pili. Nikampigia Mama simu. Nikamwambia mjomba amekufa, mpeni mtoto jina. Mama alilia simu ikiwa bado sikioni. Jumapili mtoto akapewa jina, tukala kuku, tukaimba.

Kuanzia siku hiyo mtoto akakataa ziwa. Aligeuza uso kama mtu aliyewekewa sahani ya mwingine. Hospitali walipima kila cha kupimwa, hawakuona ugonjwa. Maziwa ya kopo aliyatapika, akabakiwa na matone machache tu. Wiki ya tatu ungeweza kuhesabu mbavu zake, na wifi yangu alikuwa ameacha kulia, anakaa tu anamtazama. Mimi sikuunganisha mambo. Ningeyaunganishaje?

Basi Jumanne, mvua ya mchana ikinyesha, aliingia ofisini mzee mwenye koti la kijivu lililolowa chepechepe. Akasimama mbele ya meza yangu.

"Madam, unaniona?"

Nikacheka. "Nakuona, mzee. Karibu kiti."

Alikaa kwenye kiti cha mwenzangu Kemunto, ambaye alikuwa ametoka kidogo. Alikaa kama mtu aliyetembea siku mbili, na kumbe kweli alikuwa ametembea siku mbili.

"Nataka unitafutie jina," akasema. "Zakaria Makori. Nataka kujua amekufa lini."

"Ni nani wako?"

"Ni mimi."

Usiniulize kama nilipiga kelele. Sikupiga. Nilidhani ana matatizo ya akili, maana wa namna hiyo huja, nami huwapa chai na kuwasikiliza. Lakini huyu alieleza kwa utaratibu. Anaishi Nyamira, ana mke na shamba la majani chai. Jumapili moja, wiki tatu nyuma, mkewe alipakua sahani moja tu. Akamsemesha, hakuitika. Usiku ule mkewe akalala katikati ya kitanda. Asubuhi mzee akapeleka majani kituoni, karani akamwita aliyekuwa nyuma yake. Boda boda hazikusimama. Majirani aliwasalimia, wakapita.

"Walio hai wananipita," akasema, "na wafu sijawaona hata mmoja. Sijui niko wapi, madam."

Wiki tatu nyuma, Jumapili. Nilihesabu kwa vidole: ndiyo Jumapili mtoto alipopewa jina. Kabla sijafungua mdomo Kemunto akarudi, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake na kukikalia. Mzee aliwahi kuruka pembeni. Kemunto naye akaruka, akashika sketi yake nyuma.

"Nani amelowesha kiti changu?" akauliza. "Na wewe unaongea na nani?"

Nilimtazama Kemunto, nikamtazama mzee aliyesimama hatua moja kutoka kwake, maji yakimdondoka kofiani. Nilijikokota hadi kabatini, nikapanda juu ya stuli, nikashusha daftari ambalo ningelishusha Ijumaa ile. Zakaria Makori walikuwa wawili. Mmoja baba yake Nyangau, mwingine baba yake Ombui.

"Baba yako ni nani?" nikamnong'oneza.

"Ombui."

Ombui ndiye marehemu babu yangu, baba mzazi wa Mama. Yule wa daftari la mazishi alikuwa wa watu wengine kabisa.

"Mjomba," nikasema, "ni mimi niliyekuua."

Nilimweleza yote, simu, jina, mtoto asiyenyonya, huku Kemunto akinitazama na kurudi nyuma taratibu kuelekea mlangoni. Nilitegemea anilaani. Alisema tu, "Kwa hiyo ni wewe uliyekuwa ukinitafuta. Ndiyo sababu unaniona." Kisha akavaa kofia yake vizuri. "Mtoto yuko wapi? Twende."

Njiani, tukitembea mvuani, nilimuuliza kwa nini hakurudi miaka yote. Akasema, "Nilimwinulia baba mkono nikiwa nimelewa. Baadaye kila mwaka nilisema nitakuja, na sikujua nitakuja na uso gani."

Tulimkuta Mama nyumbani kwa kaka yangu, amempakata mtoto. Wifi yangu alikuwa amelala kitandani amegeukia ukutani. Mjomba aliingia, akasimama mbele ya dada yake, karibu kabisa, akamwita jina lake la utotoni. Mama akaniangalia mimi. Akaniuliza mbona natembea mvuani bila mwavuli. Mjomba alilia pale bila kuficha uso, na Mama akaendelea kunisimulia kwamba mtoto hakulala. Sitaki kukumbuka hilo, lakini nalikumbuka kila siku.

"Mama, nilikosea," nikasema. "Kaka yako yu hai. Yuko hapa. Mvue mtoto jina lile."

"Umechanganyikiwa," Mama akasema. "Nimemlilia, nimemaliza. Usinifufulie kidonda."

Mtoto, ambaye kwa siku mbili hakufungua macho vizuri, alikuwa amemkazia macho mjomba. Nikamgeukia mjomba nikamwomba anipe neno ambalo mimi nisingeweza kulijua. Akafikiri. Nikamrudishia Mama kama lilivyo: "Anasema ulijikata kidole cha mguu na jembe lake ulilokatazwa kuligusa. Akakubeba mgongoni hadi kwa daktari, mkamwambia mama yenu ni mlango."

Mama akaurudisha nyuma ule mguu wake, taratibu, kama anayeuficha. Akamwinamia mtoto, akamwambia sikioni, lakini tulisikia sote, "Hili lina mwenyewe, mjukuu wangu. Lirudi kwake. Wewe utakuwa Ombui."

Alimkabidhi wifi yangu mtoto. Ombui aligeuza uso wake, akalikamata ziwa, akanyonya kwa kelele. Wifi yangu akaangua kilio. Mama akainua macho kuelekea pale mjomba aliposimama.

"Zakaria," akasema. Akainuka, akamkumbatia.

Nami niligeuka nitazame, na hapakuwa na mtu. Namaanisha hivyo. Nilimwona Mama amezungusha mikono kwenye hewa, gauni lake likilowa kifuani, anacheka na kulia. Wifi yangu alisema, "Shikamoo mjomba," kisha akasikiliza jibu. Mimi sikusikia jibu.

Miaka imepita. Mjomba anaishi kwake Nyamira na mkewe, mambo yake yamenyooka, na kila mwezi huja kumtembelea Mama. Watu wote humwona, isipokuwa mimi niliyemzika. Kemunto amemwona, akamnunulia soda. Paroko amepiga naye soga. Mimi huona kikombe kikiinuka na kurudi mezani. Siku moja nilimkuta Ombui uani amekaa juu, usawa wa mabega ya mtu mzima, miguu inaning'inia, anazungushwa na kuchekelea, na chini yake hakuna kitu. Nilikaa chini kwenye nyasi. Watoto wa jirani waliniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo sikiliza. Kama kwenu kuna mtu aliyenyamaza miaka mingi, usiharakishe kumwita marehemu ili mambo yenu yaende. Funga safari, uliza kijiji kwa kijiji, gonga milango. Karatasi haijui kama mtu anapumua. Na wewe unayeombwa kuthibitisha, kwaya itakusubiri.

Nimemwomba mjomba msamaha. Kila akija, mimi hukaa mkabala na kiti wanachosema amekikalia, namwambia kila kitu tangu mwanzo. Mama husema, "Ameshakujibu. Amekujibu tangu mara ya kwanza." Nami humuuliza amesema nini, naye hunieleza, lakini mimi ninataka kulisikia jibu hilo kwa sauti yake.