Kijiti cha Jirani Yangu wa Bangwe

Mimi simwamini mtu anayekuja mchangani amevaa viatu vya ngozi. Mwaka ziwa lilipopanda Bangwe walikuja watatu wa namna hiyo, wakapita nyumba zetu na futi kamba, wakachora alama nyekundu ukutani, wakaondoka. Hakuna aliyetuambia alama ile ina maana gani. Nilimwuliza mmoja, akasema, "Mama, taratibu zinaendelea." Nikilisikia neno taratibu kwa mtu wa serikali, najua hakuna kitakachokuja.

Aliyekuwa akituambia la maana ni jirani yangu. Tulianika dagaa pamoja, wanawake saba na yeye. Alizaliwa mvulana, lakini tangu ahamie pale alivaa kanga kama sisi, nasi tukamwita dada. Nyumba yake ndiyo ilikuwa ya kwanza ukitoka majini. Kila asubuhi alichomeka kijiti pale maji yalipoishia, akahesabu hatua mpaka kwenye milango yetu, kisha akapita kutuamkia: "Mwakeye. Jana hatua kumi na mbili, leo tisa." Hivyo ndivyo tulivyojua lini tuhamishe magunia ya dagaa. Nami kwa roho yangu mbaya nilijiuliza anapata faida gani.

Mtaani maneno yakaanza kwamba ziwa limekasirika kwa sababu yake. Upuuzi mtupu. Maji yalikuwa yamepanda mpaka Burundi. Na huko alikwenda kulikasirisha? Ila hayo niliyasema moyoni tu.

Siku ya kuandikisha waliofurikiwa, ili wapewe viwanja, meza iliwekwa shuleni: mstari wa wanaume huku, wa wanawake kule. Dada alisimama mbele yangu. Karani alisoma kitambulisho chake, akatazama kanga, akasoma tena.

"Wewe kaa pembeni kwanza."

"Naishi pale, nyumba yangu imeingia maji," dada alisema. "Waulize hawa."

Karani akainua kichwa. "Mnamjua huyu?"

Wenzangu wakanigeukia mimi. Nikapiga hesabu zangu haraka: nikisema ndiyo, nitawekwa kundi moja naye, na kiwanja nitakisikia kwa watu. Nikasema, "Tunamwona tu."

Mimi nikaandikwa, yeye hakuandikwa. Alinitazama mara moja, wala hakunitukana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wiki ile ile alipanda boti kwenda Kongo kwa shangazi yake. Kijiti chake kilibaki mchangani siku moja, kisha maji yakakipita. Hakuna aliyechomeka kingine. Kila mmoja alidhani mwenzake ataanza. Siku chache baadaye nilikwenda Ujiji kuuza dagaa, niliporudi nikakuta ukuta wa mbele wa nyumba yangu umelala majini, ule wenye alama nyekundu. Magunia yote yalikuwa ndani.

Viwanja havikuja. Mwaka uliofuata wakaja maofisa wengine, viatu vile vile, wakasema orodha ya kwanza haionekani, tujiandikishe upya. Haionekani! Karatasi ina miguu? Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Gungu, nikashuka mpaka shule ile ile, nikapanga mstari.

Karani aliniuliza nyumba yangu ilikuwa wapi. Nikamwonyesha ziwani. Akatabasamu, maana alishasikia wengi wakidai wana nyumba majini, wengine hata Bangwe hawakuwahi kulala. Simlaumu, hata mimi nisingejiamini. Akawageukia walio nyuma yangu. Wawili nilikuwa nikianika nao dagaa.

"Mnamjua huyu?"

Mmoja alifunga upya kanga yake. Mwingine alitazama chini. Nilijua wanapiga hesabu gani, maana nami nilishaipiga. Mtu pekee ambaye angesema ananijua, akataja na hatua ngapi kutoka majini mpaka mlangoni kwangu, nilimvusha ziwa kwa mdomo wangu mwenyewe.