Piano Iliyotangazwa Kufa

Eti piano imekufa. Fundi aliambiwa hivyo na bawabu wa ukumbi, Alhamisi asubuhi, wamesimama mlangoni: Jumatatu linakuja lori kuichukua, ikapasuliwe kuni. Fundi alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Piano aliyoitunza miaka kumi na tisa, aliyoirekebisha sauti wiki tatu tu zilizopita, leo ni maiti?

Watu humwita Sikio, na hawamwiti bure. Mlango ukilia atakwambia umelia noti gani, na mkewe akikwangua sufuria ataombwa akwangue taratibu, ile sauti inaumiza. "Bwana wee, masikio hayo ungeyatumia kunisikiliza mimi," mkewe humtania.

Shingoni Sikio huvaa kamba nyeusi yenye ufunguo mdogo wa shaba. Ndio unaofungua kifuniko cha vibonyezo vya piano ile, na hakuna mwingine. Alikifunga miaka mitatu iliyopita, baada ya watu wa semina kuigeuza piano meza na kuimwagia chai. Akaandika barua ofisini: mkiihitaji, niiteni nije niifungue. Hakuitwa. Ni yeye mwenyewe aliyekuwa akija kila baada ya miezi miwili, bawabu akimfungulia mlango wa nyuma, akakaza uzi mmoja mmoja, akafuta vumbi, akafunga, akaenda zake. Hakuna aliyemtuma, na asante yenyewe hakuwahi kuisikia.

Basi Jumamosi ile ukumbi uliandaa mazungumzo ya wazi kuhusu kuanzisha mradi mpya wa matamasha ya jazi. Watu wote walikaribishwa kutoa maoni. Sikio akavaa shati lililopigwa pasi, akaenda kukaa safu ya tatu, nia yake moja: lile lori lisije.

Alichokiona jukwaani kilimpandisha mori kabla mtu hajafungua mdomo. Piano imesukumiwa pembeni, na juu yake wamepanga chupa za maji na chombo cha maua. Tena maua ya plastiki!

Meneja wa ukumbi alizungumza nusu saa nzima. Maono, wadau, ubunifu, ungedhani jazi ilizaliwa ofisini kwake. Pembeni yake alikaa mtunzi wa muziki, mwanamke wa makamo, mpiga piano, ambaye ndiye aliyealikwa kuuongoza mradi. Alipopewa nafasi hakuzunguka.

"Mimi nahitaji kitu kimoja," akasema. "Piano ya kweli, yenye nyuzi. Si ile pale?"

Meneja akainamisha kichwa kama yuko msibani. "Ile imekufa, dada. Mtaalamu wetu ameikagua." Akachukua karatasi, akasoma: nyuzi zimelegea, ndani kuna mchwa, vibonyezo kumi na vinne havitoi sauti. Kwa hiyo Jumatatu inaondolewa, na mradi utatumia kinanda cha umeme.

Mchwa! Ulipofika wakati wa maswali Sikio akanyoosha mkono, akarukwa. Akanyoosha tena, kipaza sauti akapewa mtu wa nyuma yake, aliyetaka kujua kama kutakuwa na maegesho ya kutosha. Maegesho, jamani! Mara ya tatu Sikio hakunyoosha chochote. Alisimama tu, akasema kwa sauti yake mwenyewe.

"Samahani, Meneja. Hivyo vibonyezo kumi na vinne, mtaalamu alivijuaje?"

"Alivibonyeza vyote, mzee. Kimoja kimoja. Mwezi uliopita."

"Alifungua kwa ufunguo gani?"

Sikio akaivuta kamba kutoka ndani ya shati, akauinua ufunguo juu ili hata wa nyuma wauone.

"Maana ufunguo ni huu, na ni mmoja tu. Miaka mitatu haujatoka shingoni mwangu, hata nikioga. Huyo mtaalamu wenu alihesabu kwa ramli?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Meneja aliigeuza ile karatasi, kana kwamba jibu limeandikwa nyuma.

"Mzee, hapa tunazungumzia mradi, siyo..."

"Na mimi nazungumzia huo huo mradi!" Sikio alikuwa ameshapanda jukwaani. "Saa nzima mnajadili jazi, na piano mmeifanya kabati la maji! Mngenipigia simu. Simu moja tu! Namba yangu iko kwenye barua, kama mliisoma." Sauti ilimtetemeka, na hakujali nani ameisikia ikitetemeka. Akaziteremsha chupa moja moja, maua akamkabidhi Meneja mkononi, kisha akafungua kifuniko.

Mtunzi alishainuka. Hakupiga wimbo wowote. Alianza na kibonyezo cha kwanza kushoto, akaja navyo kimoja kimoja hadi cha themanini na nane, na watu wote wakasikiliza kwa makini, wengine wakihesabu kwa vidole. Vyote viliitika, safi kabisa.

"Meneja," mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "vile kumi na vinne mbona havijafika?"

Kicheko kilichukua muda kwisha. Mtunzi akashika kipaza sauti. "Tamasha la kwanza litapigwa kwenye piano hii, la sivyo tafuteni mtu mwingine. Na mtunzaji wake ni huyu fundi, apewe barua rasmi."

"Lori tutaliahirisha," Meneja akasema.

"Lifuteni," mtunzi akasema.

"Basi, tutalifuta." Meneja alikuwa bado ameyakumbatia yale maua. Akamsogelea Sikio, akashusha sauti. "Lakini mzee, kwa utaratibu, huo ufunguo inabidi uuache ofisini."

Sikio akafunga kifuniko, akakijaribu kama kimeshika, akairudisha kamba ndani ya shati.

"Ofisini mnao," akasema. "Ule aliofungulia mtaalamu wako."